Mwaka wa Mshono Mmoja

Tulimzika Mama Shali kwao Mgange, kwenye shamba la mteremko, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na kila aliyesimama kumsema marehemu alitaja sweta. Mchungaji alitaja sweta. Chifu mstaafu alitaja sweta. Mama mmoja wa kikundi cha kanisa aliinua pindo la sweta aliyokuwa amevaa, akasema huu ni mkono wake marehemu, ameivaa tangu kitinda mimba wake azaliwe na haijalegea popote. Walisema alifundisha wasichana wa Taita kazi ya mikono. Walisema hakuwa na choyo. Niliposikia neno hilo niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu, kwa maana uso wangu ungenisaliti. Nilikuwa nimewekwa kiti cha mbele, chini ya hema, na familia, kwa sababu inajulikana kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Mshereheshaji alipokuja kuninong'oneza niseme maneno mawili, nilimwambia nina mafua, sauti haitoki. Sikuwa na mafua. Nilikuwa na hasira iliyopata miaka hamsini, na hasira ya umri huo si ya kupewa maikrofoni mbele ya wafiwa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba muda kidogo, niko nyumbani nalima na kusuka vikapu na mama. Mama Shali alikuwa ameolewa na karani wa reli, wanakaa kota za reli kule Voi, na alikuwa anafuma sweta za shule za huku milimani. Kila alipopanda kuja kanisani, watu walimtazama. Siku moja baada ya ibada yeye na mama walikubaliana: mimi nishuke Voi nikamsaidie nyumba na mtoto, na yeye anifundishe kufuma. Hakuna aliyetaja mshahara. Ujuzi ndio ungekuwa mshahara. Na ulikuwa na maana kubwa kwangu, kwa sababu mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi alikuwa amemwambia mama kwamba angependa kazi ya sweta za watoto ifanywe na mtu wa hapa kijijini kuliko kuagiza mpaka Voi. Nikijua kufuma, kazi ni yangu. Nilishuka Voi mwezi wa kwanza nikiwa na sanduku la bati na uhakika kwamba ninakwenda kuchukua maisha yangu na kurudi nayo.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, jiko nje, na uwanja mdogo wa changarawe uliotupa joto usoni kuanzia asubuhi. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe, redio juu ya kabati, na kapu kubwa la uzi wa sufu, wa kijani na wa samawati na wa rangi ya damu ya mzee, rangi za shule. Mimi nililala hapo hapo chini, karibu na kapu, na mpaka leo nikinusa sufu mpya ninasikia gari la mizigo la Taveta likipunguza mwendo likiingia stesheni. Chumba cha pili kilikuwa chao, na mlango wake ulikuwa na pazia zito la maua mekundu. Nalitaja pazia hilo sasa kwa sababu nimeliwaza kuliko ninavyowaza watu wengi niliowahi kuwajua.

Somo la kwanza lilikuja wiki ya pili, alasiri, mtoto amelala. Mama Shali alinikalisha kwenye kigoda, akatandika leso magotini pangu ili jasho lisichafue uzi, akanipa sindano mbili ambazo moja tayari ilikuwa imejaa vitanzi, vimepangwa vizuri, safu nzima. Akaniwekea mikono yake juu ya yangu. Ingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha. Vuta uzi upitie ndani ya kitanzi. Achia kile cha zamani kidondoke. Basi, hicho ni kimoja. Alinuka sabuni na vitunguu, na mikono yake ilikuwa mizuri, nasema hivyo bila kulazimishwa. Nilifika mwisho wa safu nikiwa nimeloa mgongo, akanigeuzia sindano, akasema rudia vile vile upande huu. Nikarudia. Jioni nilikuwa na kipande cha urefu wa kidole, na nilitaka kukipeleka nje nikionyeshe kwa kila anayepita njia ya reli.

Tatizo langu lilikuwa mkono mzito. Mimi nilikuwa nimekua nikisuka katani, na kikapu chetu kikilegea hakina kazi, mahindi yanapita, wanawake wanakucheka. Mama alinizoesha kila nikipitisha uzi nikaze, nikaze tena, mpaka kucha ziume. Basi nilikaza sufu vivyo hivyo. Kipande changu kilikuwa kigumu, unaweza kukisimamisha juu ya meza kikasimama, na vitanzi vilishika sindano mpaka havisogei. Mama Shali alikigongesha kwenye kiti akacheka. "Wakesho, hii mtoto anavaa ama unaendea nayo shambani?" Hakucheka kwa ubaya siku hiyo. Alikifumua chote mbele yangu, uzi ukatoka umejikunja kunja, akaniambia nianze tena na nisivute, niache uzi ujipitie. Ilinichukua miezi kuufundisha mkono wangu kuacha kukaza, na kuna usiku niliota mama ananipokonya sindano akisema nimekuwa mlegevu.

Kufikia masika mkono ulikuwa umelainika. Nilifuma vipande vya mbele na vipande vya nyuma, mshono ule ule mmoja, safu kwa safu, baada ya kuosha vyombo, baada ya kuchota maji bombani, na Shali akiwa mgongoni. Mtoto yule alikuwa mzito na mwenye kelele, na alikubali kulala tu nikiwa nimembeba huku ninafuma nimesimama, nikiyumba. Chakula nilikula jikoni wakishamaliza: ugali na mchicha, siku za mshahara nyama, na mara moja moja ndizi zilizoshuka na gari la Taveta. Nilikumbuka kimanga cha nyumbani, mihogo iliyopondwa na maharage, mpaka machozi yakanitoka juu ya sufuria. Joto la Voi silielezi. Kufuma sweta ya sufu katika joto lile, kwa ajili ya watoto wanaotetemeka kwenye ukungu ambao mimi ningetoa chochote kuusikia usoni, kulikuwa na uonevu fulani ambao sikuwa na mtu wa kumwambia.

Na kila kipande kilikuwa kinaanza na kuishia nyuma ya pazia. Ndivyo ilivyokuwa. Mama Shali aliingia chumbani na sindano tupu akatoka nazo zimejaa vitanzi, akanipa. Mimi nilifuma mpaka kipande kifikie alama ya uzi mweupe aliyoitia kwenye kipimo, nikamrudishia, naye akaingia tena nacho chumbani, akatoka kipande kimefungwa, ukingo wake umelala vizuri, hakifumuki. Mwanzoni nilidhani ni mpangilio tu wa kazi. Baadaye nikaomba. Nilimwambia, Mama Shali, nionyeshe na kuanzisha, nionyeshe na kufunga. Akasema nitafika huko, kwanza mkono utulie. Nikaomba tena baada ya Pasaka. Akasema kwanza nimalize kazi ya shule ya Wundanyi. Nikaomba mwezi wa sita, akasema mbona nina haraka, kwani nyumbani kuna nini.

Nililijua jibu mwezi wa nane, na nililijua kwa masikio yangu. Alikuwa amekuja mgeni, mama wa kanisani, wamekaa chumba cha mbele wanakunywa chai, na mimi niko uani nachambua mchele chini ya dirisha. Mgeni alisifu vipande vilivyokuwa kwenye kiti, akauliza ni mkono wa nani. Mama Shali akasema ni wa msichana wake. Mgeni akauliza kama nimeshahitimu, na Mama Shali akajibu kwa Kidawida, lugha yetu sote watatu, wala hakushusha sauti. Alisema: "Huyu nikimwonyesha kuanza na kufunga, kesho hayupo. Nani atanibebea mtoto?" Wakacheka wote wawili, wakaendelea na habari za kwaya. Niliendelea kuchambua mchele. Nimejiuliza tangu siku ile kwa nini sikusimama nikaingia. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nauli sina, na nyumbani mama alikuwa ameshawaambia majirani kwamba binti yake anarudi Krismasi akiwa fundi.

Nikaamua kuiba kwa macho. Nilijifanya ninapeleka maji ya kunywa chumbani wakati amekaa na sindano. Akaweka kazi kando mpaka nilipotoka. Nilichukua kipande kilichofungwa, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona ukingo uliolala kama nywele zilizosukwa mkia mmoja, nikaufuata kwa kucha na sikuelewa uzi umetoka wapi na umekwenda wapi. Siku moja nilijaribu kufumua kona yake nione. Nilivuta pasipotakiwa, vitanzi vikaanza kukimbia kushuka chini, kimoja baada ya kingine, na sikujua namna ya kuvikamata. Mama Shali hakunipiga. Alikifumua kipande chote mpaka kikawa uzi mtupu, akauviringisha donge, akaingia nao nyuma ya pazia, akatoka na safu mpya. "Anza," akasema. Nilianza. Yaani, niliendelea, maana kuanza sikukujua.

Krismasi ilipokaribia aliniambia nimefanya kazi vizuri na atanipa zawadi. Alinianzishia vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, uzi wa kijani, rangi ya shule yetu, kila kimoja kwenye jozi yake ya sindano. Nikavimalize nyumbani, nikimaliza nimpelekee atanifungia. Mimi, pamoja na yote niliyosikia dirishani, nilishukuru. Nilishukuru kwa dhati, na hilo bado linaniuma kuliko mchele na kuliko mtoto. Nilipanda kwetu nimeshika sindano zile ncha juu njia nzima, kwa sababu vitanzi vikichomoka nimeishiwa, na mtu aliyeketi kando yangu kwenye basi aliniuliza kama nimebeba mayai.

Nilimaliza kabla ya mwaka mpya. Kilikuwa kizibao cha shule, kisicho na mikono, mishono imelala, laini, sijawahi kufuma vizuri vile tena. Kilibaki kufungwa tu. Lakini Mama Shali na mumewe walikuwa wamekwenda Mombasa kwa likizo, na mwalimu mkuu alikuwa amesema anataka kuona kazi yangu wiki ya kufungua shule, maana ndiyo wiki ya wazazi kuagiza. Mama aliniuliza tunangoja nini. Hatukuwa na la kungoja. Basi tulikifunga tunavyojua sisi. Mama alileta sindano ya vikapu, akapitisha uzi katika vitanzi vyote vya juu, kimoja kimoja, na kila baada ya kupita akapiga fundo na kukaza, sawasawa na unavyomaliza mdomo wa kikapu ili usifunguke mtu akijaza viazi. Tukashona mabega, tukaacha nafasi ya kichwa katikati. Ukingo ulikuwa imara. Mama alijivunia. Alisema huu hautafumuka mpaka mtoto amalize shule.

Mwalimu mkuu alipokea vizuri. Alikipapasa kizibao, akasema uzi mzuri, kazi safi. Ofisini kulikuwa na walimu wawili na mzazi mmoja wa kamati, na mama yangu amesimama mlangoni amevaa leso mpya. Mwalimu mkuu akamwita binti yake wa darasa la tatu akakijaribu. Kichwa kikaingia mpaka kwenye paji la uso kikakwama. Sufu hutanuka, lakini mdomo wa kikapu hautanuki, umefungwa kwa ajili hiyo. Mwalimu mmoja akashika huku, mwingine kule, wakavuta, mtoto akaanza kulia ndani ya kizibao, masikio yamekunjika, na yule mzazi wa kamati akasema pole pole kwamba huyu msichana labda angeendelea na vikapu. Walicheka. Hata mwalimu mkuu, mtu mpole, alicheka kidogo kabla ya kujizuia. Mama hakucheka. Alikwenda akamtoa mtoto, akamfuta uso kwa leso yake mpya, tukarudi nyumbani.

Wiki ileile ujumbe wa shule ulikwenda Voi. Mama Shali alikuja mwenyewe baada ya likizo, akachukua kazi ya shule nzima, akapitia kwetu kunywa chai. Alikaa kwenye kigoda chetu, akakitazama kizibao, akapitisha kidole kwenye mafundo ya mama. Kisha akamwambia mama, mimi nikiwa nimesimama pale na birika: "Mtoto ana bidii, lakini bado. Mrudishe mwaka mwingine." Nilingoja mama aseme kitu na mama alingoja mimi niseme. Mama Shali akaondoka na kizibao akisema atakirekebisha. Muhula ule nilikiona kimevaliwa na binti ya mwalimu mkuu, mafundo yametolewa, shingo imefungwa ule ufungaji wa nyuma ya pazia. Kila mshono wa kizibao kile, kuanzia safu ya pili mpaka mabegani, ulikuwa wangu. Watu walisema Mama Shali ana mkono.

Sikurudi Voi. Nilisuka vikapu, nikaolewa Mwatate, nikauza mboga sokoni, na sindano za kufuma nilikuwa nazipita dukani bila kuzitazama. Mama alifariki akiamini kwamba nilikuwa mzito wa kujifunza. Sikuwahi kumweleza habari ya dirisha, kwa sababu yeye ndiye aliyenipeleka. Halafu siku moja, nikiwa na watoto wanne tayari, jirani yangu wa meza ya sokoni, Mkamba mmoja aliyeitwa Mama Mutua, alikuwa anafuma kofia ya mjukuu. Chai yake ilikuwa imemiminwa, ya moto mno, ameiweka kando ipoe. Nikamuuliza, bila kutarajia jibu, hapo mwisho mnafungaje. Akanitazama, akasema, "Si hivi tu?" Fuma viwili, chukua cha kwanza kipitishe juu ya cha pili, kiache. Fuma kingine, pitisha. Akanipa nijaribu. Akanionyesha na kuanzisha pia, bila kuombwa, kwa kidole gumba. Kisha akachukua kikombe chake akanywa, na chai ilikuwa bado ina moto wake. Nilimwambia nakwenda choo, nikaenda nyuma ya vibanda nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Mwaka mzima. Mtoto mgongoni, maji bombani, uso wa mama mlangoni kwa mwalimu mkuu, vyote kwa jambo lisilotosha kupoza kikombe cha chai.

Ndiyo maana pale kaburini nilikuwa na mafua. Baada ya chakula, watu wakiwa wamepungua, Shali alinijia. Ni mama mtu mzima sasa, ana wajukuu, na ananiita Dada Wakesho tangu alipojua kusema. Sina ugomvi naye. Alinishika mkono akaniketisha ndani, chumba ambacho mama yake aliuguzwa, akatoa mfuko, na ndani yake zilikuwamo sindano mbili na kizibao kidogo cha rangi ya maziwa. Alisema mama yake alikuwa anamfumia kitukuu wake mpaka juma la mwisho, na kimebakiza safu moja na kufungwa tu. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimekusanyika mlangoni. "Dada, malizia," Shali akasema. "Wewe alikufundisha mwenyewe."

Nilizipokea. Kazi ilikuwa nzuri. Hata mikono ikitetemeka kwa ugonjwa, mishono yake ilikaa sawa, na ningekuwa mwongo nikisema vingine. Nilifuma safu ile iliyobaki, taratibu, ingiza, zungusha, vuta, achia, akina mama wakinitazama kutoka mlangoni. Nilipofika mwisho nilikusanya sindano pamoja nikamrudishia vitanzi vikiwa wazi juu yake. Akaniuliza mbona sijafunga.

"Kufunga mama yako hakunifundisha," nikasema.

Akina mama mlangoni wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu wa mtu mzima. Shali hakucheka. Alitazama vitanzi vile, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi hakunifundisha. Kila nikimwomba anasema kwanza mkono utulie."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba ameshika sindano ncha juu, kwa mikono miwili, anaogopa visichomoke. Mezani palikuwa na birika la chai, na mtu alikuwa amenimiminia kikombe, kinatoa moshi. Nilichukua mkoba wangu nikamuaga.